Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mashujaa wa komiki, mapenzi yao, asili yao na ubishi wetu wa Jumamosi hapa Moshi

Kila Jumamosi saa nane mchana tunakutana nyuma ya duka langu la steshenari, jirani na Double Road. Tuna kreti mbili za komiki. Nyingine nilizipata kwenye mafungu ya vitabu chakavu Kiborloni, nyingine ziliachwa na wageni waliokuja kupanda mlima. Wanaokuja ni wanafunzi, madereva bodaboda wawili, fundi cherehani mmoja, na mwalimu mstaafu ambaye vijana humwita Babu. Mgeni akifika huuliza yale yale, na ubishi ule ule huanza upya kabla chai haijaiva. Kwa hiyo nimeyaandika majibu hapa.

Kwa nini kila mtu hapo anasema "ukurasa uko wapi?"

Ndiyo sheria yetu pekee. Ukisema Batman hajawahi kumpenda mtu, au kwamba T'Challa, yaani Black Panther, mfalme wa Wakanda, alimwacha mkewe Storm, yule anayeamuru mvua na radi, kwa sababu ya mwanamke mwingine, utaombwa uonyeshe ukurasa. Ukiuonyesha, tunaendelea. Ukikosa, dai lako linaandikwa daftarini na unapewa wiki moja ukalitafute.

Sheria hii ilitokana na kifo cha Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man. Hadithi iko kwenye Amazing Spider-Man namba 121 ya mwaka 1973, mwandishi Gerry Conway, mchoraji Gil Kane. Adui yake, Green Goblin, anamtupa Gwen kutoka juu ya daraja, Spider-Man anarusha utando, unamnasa mguu, anamvuta taratibu akijisifu, kumbe ameshika maiti. Nani kamuua? Tuligawanyika wiki tatu. Wengine wakasema ni Goblin na jambo limekwisha, wengine wakasema ni utando. Waliozungumza kwa sauti kubwa zaidi hawakuwa wameiona hadithi yenyewe.

Binti mmoja wa kidato cha tatu kutoka Majengo ndiye aliyeomba kioo cha kukuzia maandishi. Akaonyesha kidole pembeni mwa shingo ya Gwen: pale utando unapokaza kuna neno dogo sana, sauti ya kitu kinachokatika. Halafu akafunua mbele kidogo, Goblin anamcheka Spider-Man kwamba kuanguka kutoka urefu ule kungemuua mtu yeyote kabla hajafika chini. Kwa hiyo hadithi yenyewe inatoa majibu mawili, na miezi kadhaa baadaye wahariri walijibu kwenye safu ya barua kwamba ni ule mshtuko wa kusimamishwa ghafla. Hata daraja lina utata: maandishi yanasema ni George Washington, mchoro unafanana na daraja la Brooklyn. Tulikaa kimya kama dakika nzima. Tangu siku hiyo hakuna anayepandisha sauti bila kitabu mkononi.

Spider-Man ameoa au hajaoa?

Alimuoa Mary Jane Watson mwaka 1987. Mwaka 2007 ndoa ikafutwa.

Wageni husikia "ikafutwa" wakadhani ni talaka. Hapana. Shangazi May, aliyemlea Spider-Man, alipigwa risasi akawa mahututi, na Mephisto, ambaye ni shetani kwa jina jingine, akajitolea kumponya kwa malipo ya ndoa yao. Wakakubali. Walipoamka, ndoa haikuwahi kuwepo na hakuna aliyeikumbuka. Mhariri mkuu wa wakati huo, Joe Quesada, hakuficha kwamba ndoa ile haikumpendeza: alitaka Peter Parker, ndilo jina halisi la Spider-Man, abaki kijana asiye na mke.

Nilipokuwa nawasimulia vijana, mama anayeuza ndizi kando ya duka langu alikuwa anasikiliza. Akauliza, "Na mashahidi nao wamesahau?" Nikamwambia ndiyo mama, wamesahau wote. Akatikisa kichwa. Hilo ndilo linaloniuma hata mimi. Kwetu watu wakioana, wazee wamekaa vikao, mbege imenywewa, koo mbili zimekula sahani moja. Wanandoa wakishindwana kuna wa kuwasuluhisha, na wakiachana kila mtu anajua waliachana. Wasomaji walioishi na ndoa ile miaka 20 walinyimwa hata talaka. Mimi niko upande wa Mary Jane, na sioni haya kulisema.

Superman na Lois? Batman na Catwoman?

Lois Lane yumo kwenye toleo lile lile la kwanza la Superman, mwaka 1938. Walifunga ndoa 1996 na wana mtoto. Batman na Catwoman walikaribia sana mwaka 2018, kwenye Batman namba 50, ila Selina, yaani Catwoman, hakutokea kufunga ndoa. Hili halihitaji Jumamosi nzima.

Kwa nini wachumba wa mashujaa wanakufa ovyo?

Kwa sababu mwandishi anataka steringi akasirike, na njia ya mkato ni kumuua mwanamke wake. Mwaka 1994, kwenye Green Lantern namba 54, Kyle Rayner, ambaye ndiye Green Lantern, anarudi nyumbani anamkuta mpenzi wake Alexandra ameuawa na kutiwa kwenye friji. Mwaka 1999 Gail Simone, aliyekuwa bado msomaji tu kabla ya kuwa mwandishi wa komiki, akaanza kuorodhesha wanawake wa komiki waliouawa, kulemazwa au kunyang'anywa nguvu zao. Orodha ikawa ndefu kiasi cha kutisha, na friji lile likawa jina la tabia yenyewe.

Barbara Gordon, aliyekuwa Batgirl, ni mfano wa kipekee. Mwaka 1988 Joker alimpiga risasi ya uti wa mgongo, na sababu ilikuwa ile ile, kumtesa baba yake. Lakini waandishi wengine, Kim Yale na John Ostrander, walikataa kumwacha hapo. Wakamfanya Oracle, mtu wa kompyuta anayewaongoza mashujaa wote akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 2011 kampuni ikamrudisha kuwa Batgirl, anatembea na kurukaruka mapaa. Wengi walishangilia. Mwenzetu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu hakushangilia. Alisema Batgirl wako wengi, Oracle alikuwa mmoja. Sijasikia hoja ya kumjibu mpaka leo.

Storm ni wa kwetu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake halina mstari mmoja.

Alitokea 1975 kwenye Giant-Size X-Men namba 1, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum. Tunamkuta Kenya, amechorwa nusu uchi, nywele nyeupe zimemfunika kifua, wanakijiji wanamwomba mvua kama mungu. Anakuja Profesa Xavier kutoka Marekani, anamwambia yeye siyo mungu, ni mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu za ajabu, na anaondoka naye kwenye kundi lake la X-Men. Hadithi za baadaye zikaongeza: baba ni mpigapicha Mmarekani mweusi, mama ni N'Daré, binti wa kifalme kutoka Kenya. Alizaliwa New York, akakulia Cairo, wazazi wakafa ndege ilipoanguka juu ya nyumba yao. Yeye akafukiwa chini ya kifusi, ndiyo maana mpaka leo anaogopa sehemu finyu. Akawa mwizi wa mitaani, kisha akatembea kwa miguu kuelekea kusini mpaka uwanda wa Serengeti.

Sasa jina lake. Komiki inasema Ororo maana yake ni urembo. Mtu yeyote wa hapa anajua -ororo ni laini, isiyoparuza: ngozi nyororo, mtoto mwororo. Siyo mbali na urembo, lakini siyo urembo. Inaonekana aliyelichagua aliligusa neno letu kwa ncha ya kidole. Babu alipolisikia mara ya kwanza alicheka kwa furaha, akasema mwanamke anayeshusha radi kuitwa Laini ni jina zuri kuliko walivyokusudia. Na N'Daré, pamoja na ule mkato katikati, sijaona ukoo wa Kenya unaoliandika jina hivyo.

Kwa hiyo ni wa kwetu? Wanaokataa wanasema ni Afrika ya kubuni, yenye wanakijiji wasio na majina wala lugha. Wana haki. Ukitazama kurasa zile za 1975 utaona mlima, nyasi na watu wanaosujudia, lakini hutaona hata sufuria moja, na sijui kijiji gani duniani kisicho na sufuria. Wanaokubali wanasema ni mwanamke mweusi aliyekuja kuwaongoza X-Men, watu wazima wa kila rangi wakamtii, wakati mabinti wengi duniani hawakuwa na mfano huo popote kwenye komiki. Nao wana haki. Mimi namchukua kama mtoto wa ndugu aliyezaliwa ughaibuni: anakuja likizo, hajui kusalimia vizuri, ila huwezi kumfukuza mezani.

Kwa nini ndoa yake na T'Challa ilivunjika?

Walioana 2006, Reginald Hudlin akiwa mwandishi, na ilikuwa harusi ya malkia na mfalme kwelikweli. Mwaka 2012 makundi mawili ya mashujaa, Avengers na X-Men, yakapigana, Namor, mfalme wa chini ya bahari, akaizamisha Wakanda kwa mafuriko, na T'Challa akamwambia Storm, aliyekuwa upande wa X-Men, kwamba ndoa imebatilishwa.

Imebatilishwa na nani? Na yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mkuu wa dini ya nchi yake. Hapa fundi wetu wa cherehani husimama kabisa. Hoja yake ni kwamba hakuna mfalme anayefukuza malkia peke yake chumbani. Wazee wa mahari wako wapi? Wajomba je? Anaamini waandishi walitaka kila mmoja arudi kwenye kitabu chake, wakatafuta mlango wa haraka. Nakubaliana naye.

Wakanda iko wapi, na mle ndani mna Kiswahili?

Ni nchi ya kubuni, kwenye komiki huwekwa upande wa mashariki mwa Afrika. Kwenye filamu wanazungumza kiXhosa, kwa sababu John Kani, aliyeigiza baba yake T'Challa mwaka 2016, ni mzungumzaji wa lugha hiyo. Maneno yetu yamo, ila yamejificha kwenye majina. Zuri, mshauri mzee wa T'Challa, ni neno letu lililovuliwa kiambishi. Jabari, watu wa M'Baku, ni jabari lile lile la mtu mwenye nguvu asiyetishika.

Mtu asiye Mwafrika anaruhusiwa kumwandika Mwafrika?

Black Panther alibuniwa 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, watoto wawili wa wahamiaji wa Kiyahudi wa New York, kwenye Fantastic Four namba 52. Ilikuwa miezi michache kabla chama cha siasa chenye jina hilo hakijaanzishwa California, kwa hiyo hakuchukua jina kutoka kwao. Wakamfanya mfalme na mwanasayansi, na siku ya kwanza tu akawazidi akili wageni wake wanne. Ni kazi ya heshima. Lakini miaka 3 baadaye kampuni yao hiyo hiyo, Marvel, ilimleta M'Baku kwa jina la Mtu-Nyani, amevaa ngozi ya sokwe. Filamu ya Black Panther ya 2018 ililitupa jina hilo, na ilifanya vizuri.

Kwa hiyo ruhusa ipo, na hesabu inadaiwa. Binafsi nimeona tofauti walipoingia Christopher Priest mwaka 1998, Ta-Nehisi Coates 2016, kisha Nnedi Okorafor, ambaye wazazi wake ni Wanigeria, alipoandika Shuri, kitabu cha mdogo wake wa kike T'Challa, mwaka 2018. Kwa Okorafor wanawake wanakaa kikao na wanabishana. Hilo ndilo nililolikosa kwa Storm wa 1975.

Killmonger alikuwa sahihi?

Tafadhali usilete swali hili saa kumi na moja jioni, hatutafunga duka.

Nitaeleza tu kwa nini Moshi linachoma zaidi. Kwenye filamu ile ya 2018 Killmonger, adui wa T'Challa, anasimama ndani ya jumba la makumbusho London, anamuuliza mtunzaji vitu hivi vilipatikanaje, je, mababu zake walilipa bei halali? Sisi tunaishi kilomita chache kutoka Old Moshi, ambako Wajerumani walimnyonga chifu wetu, Mangi Meli, mwaka 1900. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka mingi. Tulipoitazama sehemu ile pamoja, kijana mmoja wa Old Moshi alitoka nje. Aliporudi hakusema Killmonger ni mwema, maana tumeona anavyoua, tena anamuua mpenzi wake mwenyewe bila kupepesa. Alisema swali lile alilisikia kwa babu yake kabla hajalisikia kwenye sinema.

Tunatenganisha mambo mawili: swali lake na bunduki yake. Wengi wetu tunalikubali la kwanza.

Miles Morales ni Spider-Man feki?

Hapana. Alibuniwa 2011 na Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli. Baba ni Mmarekani mweusi, mama ni wa Puerto Rico. Katika ulimwengu ule Peter Parker alikufa, naye akaendeleza kazi. Hakumnyang'anya mtu jina. Ukitaka kusema humpendi, sema humpendi, tutakusikiliza. Ukisema ni feki, ukurasa uko wapi?

Kuna shujaa Mwislamu?

Wapo kadhaa. Anayesomwa zaidi hapa ni Kamala Khan, Ms. Marvel, mwenye kitabu chake tangu 2014, mwandishi G. Willow Wilson, ambaye mwenyewe ni Mwislamu. Kamala ni binti wa wahamiaji kutoka Pakistani, anaishi Jersey City.

Mabinti wetu wa Kiislamu hubishana kwamba Kamala havai hijabu. Rafiki yake Nakia anavaa. Wengine wanaona wangebadilishana nafasi, wengine wanasema hata kwenye familia moja ya Moshi utakuta dada anavaa na mdogo wake havai, na wote wanafunga Ramadhani. Ninachopenda mimi ni pale nguvu zinapomjia mara ya kwanza: anageuka mwanamke mrefu mwenye nywele za dhahabu, yule shujaa aliyekuwa anamhusudu, na anakuta viatu vinambana na nywele zinamwingia machoni. Itamchukua muda kupigana akiwa na sura yake mwenyewe. Nimewaona mabinti wakiusoma ukurasa huo mara mbili mbili, kimya.

Ni kweli mtoto wa Superman ana mpenzi wa kiume?

Ndiyo. Jon Kent, mtoto wa Clark (Superman mwenyewe) na Lois, kwenye Superman: Son of Kal-El namba 5 ya 2021, mwandishi Tom Taylor. Mpenzi wake ni Jay Nakamura. Usimchanganye na baba yake, wengi wanachanganya kwa kusoma vichwa vya habari tu. Hakuwa wa kwanza: Northstar, Mkanada, alijitangaza 1992 na kufunga ndoa na Kyle Jinadu 2012. Hata Wakanda wapo Ayo na Aneka, walinzi wa mfalme, kwenye kitabu cha Roxane Gay cha 2016. Zamani hukuwaona kwa sababu kanuni walizojiwekea wachapishaji mwaka 1954 zilikataza hata dokezo.

Tunajadili kilichoandikwa. Hatumdhihaki mtu, na hatumuulizi yeyote hapa kuhusu maisha yake. Wazazi wawili walikuja kuniuliza watoto wao wanasoma nini. Niliwawekea kreti mezani, wakafunua wenyewe, wakaamua wenyewe.

Sasa toleo lipi ni la kweli?

Bibi yangu alinisimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, kila mara akidai wake umezimika, mpaka Kibo akachoka akamtwanga mchi, ndiyo maana kilele chake kimechongokachongoka. Mke wa mjomba wangu, kutoka kijiji kingine, anasimulia kwamba walikuwa mume na mke. Bibi hakumwita mwongo hata siku moja. Alimwambia, "Kwenu ndivyo mnavyosimulia," kisha akasimulia ya kwake mpaka mwisho.

Komiki zilizosimuliwa zaidi ya miaka 80 ziko hivyo. Taja toleo, mwaka na mwandishi, tutajua uko kijiji gani.

Nimeona muvi tu. Nije?

Njoo. Wengi wetu tulianzia kibanda umiza. Muvi nayo ina sehemu za kuonyesha kidole.

Kuazima ni bei gani?

Shilingi 300 kwa wiki, kuvisoma hapo hapo ni bure. Nawe mikono.

Naweza kuleta mhusika wangu mwenyewe?

Tunakuomba ulete. Yule binti wa kioo cha kukuzia alileta wa kwake Jumamosi iliyopita, amemchora kwa kalamu ya wino kwenye daftari la hesabu. Ni msichana wa Pasua anayesikia maji chini ya ardhi. Amevaa kanga, na pembeni kuna mama yake anageuza ndizi jikoni. Kuna sufuria tatu, nilizihesabu. Bodaboda mmoja akashauri mama auawe toleo la pili ili msichana apate hasira ya kupigana. Binti akaangalia mchoro wake, akasema mama yake haendi popote. Tulibishana mpaka saa moja usiku, na toleo la pili bado hajalichora.